Seli za Ermelinda

Sauti ndiyo aliyoitambua kwanza, kabla ya uso.

Odete alikuwa ameinama katika duka la Ismaili pale Chikongola, Mtwara, akichagua beseni. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto na barabara imefurika: wasukuma mikokoteni, wakulima waliotoka Newala na Tandahimba wakiwa na hela mpya mifukoni, akina mama wa dagaa, bodaboda wanaopiga honi bila sababu. Katikati ya kelele hiyo yote, mwanamume mmoja nyuma yake akauliza, "Boksi hili linatunza barafu kutwa nzima, kwa hakika?"

Beseni likamponyoka.

Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, inayoshusha neno la mwisho polepole kama mtu anayelaza mtoto kitandani. Odete alikuwa ameisikia kwenye simu tu, miaka kadhaa nyuma. Mwenyewe hajawahi kumtia machoni. Lakini sauti hiyo angeitambua popote.

"Kaka, weka pweza wako humo," Ismaili alimwambia mteja wake, "atafika Dar bado anakukonyeza."

"Sibebi pweza."

"Kamba?"

"Vitu vya hospitali. Vipande vya vinyama vya wagonjwa."

Ismaili akaondoa mkono wake juu ya boksi haraka kama aliyeguswa na kaa la moto. Waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Odete akainuka, akageuka.

Alikuwa ametarajia mtu mbaya. Miaka yote hiyo alimchora kichwani akiwa na kitambi, macho madogo, meno ya kujipenda. Mbele yake alisimama mtu mrefu, mwembamba, shati la bluu lililokunjwa mikono, miwani iliyoteleza puani kwa jasho, na tabasamu la aibu. Ilimuudhi kwamba alikuwa mzuri.

"Hilo litakuangusha," Odete alisema. "Mfuniko haubani. Chukua lile jekundu."

"Dete!" Ismaili alilalama. "Unaniharibia biashara!"

"Nakutengenezea. Lile jekundu ni ghali zaidi."

Yule mwanamume akacheka. "Umejuaje, dada?"

"Nafanya kazi bandarini, nagomboa mizigo ya watu. Naona maboksi kuliko ninavyoona binadamu."

"Basi leo umemwona binadamu. Naitwa Anold Komba. Daktari, ila wa maabara, sidungi mtu sindano. Niko Dar, lakini nyumbani ni hapa hapa, Shangani. Mama yangu alifundisha hapa mpaka akastaafu."

Anold Komba. Jina likakaa juu ya sauti, barabara kabisa.

"Odete," alijibu, na akampa mkono. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomshika kiunoni, raba nyeupe, na kitambulisho cha bandarini shingoni. Akamwona Anold anajitahidi asitazame, anashindwa.

"Odete. Jina la ng'ambo ya mto hilo."

"Wazazi walivuka Ruvuma kabla sijazaliwa."

Alipoombwa namba ya simu, aliitaja bila kusita, huku anatabasamu. Moyoni alikuwa anasema: karibu. Karibu sana.

* * *

Mama yake, Ermelinda, alianza kwa maumivu ya tumbo yaliyopenya mpaka mgongoni. Kisha macho yakawa manjano. Alipopelekwa Dar es Salaam, waliambiwa ni saratani ya kongosho. Mzee Jasinto, mumewe, alimfuata mkewe akakaa naye huko. Odete alibaki Mtwara. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, makontena ya korosho yamepangana hadi getini, na bosi amesema wazi kwamba atakayeondoka asirudi.

Siku moja alipiga simu ya baba yake, ikapokelewa na daktari wa utafiti aliyekuwa wodini na baba.

"Binti, usiwe na wasiwasi," ilisema ile sauti. "Uvimbe umesinyaa. Dawa imeukamata vizuri. Huna haja ya kukimbilia huku. Maliza kazi zako, njoo kwa nafasi, utamkuta mama amekaa anakula."

Odete alicheza muziki peke yake katikati ya mafaili. Alimaliza kazi zake. Alinunua kanga mpya za kumpelekea mama. Alipopanda basi hatimaye, uvimbe ulikuwa umeshaamka upya, mkali kuliko mwanzo, dawa ile ile haiusumbui tena. Ermelinda alikata roho basi likiwa halijafika hata Kibiti. Zile kanga ndizo zilizomfunika.

Daktari hakupiga tena simu. Jina lake Odete alilipata kwa baba yake, na akalihifadhi kama mtu anavyohifadhi kisu. Pale kaburini, Msimbati, mchanga mweupe ukiingia viatuni, alijiapiza: ipo siku huyu mtu atangojea kitu kizuri kutoka kwangu, halafu atakikuta kimekufa.

* * *

"Haloo, mama wa bandari."

"Mama wa bandari ndiye nani? Mimi nina jina."

"Jina lako nalitumia kwa uangalifu. Nikilitaja kila saa litachakaa."

"Daktari mzima, maneno ya muuza kanga!"

"Nimekuzoesha vibaya. Leo utakula wapi?"

"Ofisini. Mihogo ya jana."

"Acha mihogo ya jana ife kwa amani. Nakuja kukuchukua."

Ndivyo ilivyokuwa. Anold alikuwa amekuja kusini kutafuta wagonjwa wa kongosho ambao wangekubali kutoa vipande vya uvimbe wao kwa utafiti. Mchana alizunguka hospitalini. Jioni, kabla jua halijazama, alikuwa getini bandarini, amesimama pembeni ya malori, vumbi limemjaa miwani, anapunga mkono kama mwanafunzi.

Odete alipanga kila kitu. Alipanga lini acheke na lini anune. Alipanga siku ya kutopokea simu ili Anold ahangaike. Alijua mtu anavyovutwa, taratibu, kama kamba ya meli. Ambacho hakukipanga ni kujikuta asubuhi moja mbele ya kioo, anabadilisha hereni kwa mara ya tatu. Alizivua zote akazitupa kitandani. "Mpumbavu," alijiambia. Kisha akazivaa zile za kwanza.

Siku moja walikaa kwenye kibanda cha samaki Shangani, pweza wa nazi mezani, upepo unapeperusha ushungi aliojitanda mabegani. Odete akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hebu niambie. Hiyo kansa yenu ya kongosho, kwa nini dawa zinaishindwa?"

Anold aliweka kijiko chini. Alipozungumzia kazi yake alisahau hata kula.

"Kwanza inajijengea ukuta. Uvimbe wa kongosho umejaa nyama ngumu kama kovu, damu inapita kwa shida, na dawa inapita na damu. Dawa inafika kidogo tu. Zile seli nyonge zinakufa, unapiga picha unaona uvimbe umepungua, unashangilia. Lakini kuna seli zilizobaki. Nyingine zinaitema dawa, nyingine zinalala kimya mpaka dawa ipite. Zikiamka ni sugu. Huziwezi tena kwa dawa ile."

"Unashangilia," Odete alirudia.

"Nilishawahi kushangilia," alisema, na akatazama baharini. "Tunazo seli tunazozitunza maabara. Tunaziita Kusini. Zimeoteshwa kutoka kwa mama mmoja wa huku huku. Seli za wengine zilikufa, zake zimeendelea kuishi na kuzaana miaka yote hii. Kila ninachokijua kuhusu usugu, zimenifundisha zile. Tumekaribia kupata alama ya kutuonyesha mapema ni mgonjwa gani dawa itamgomea. Bila Kusini sina utafiti."

Pweza akageuka jiwe mdomoni mwa Odete.

"Huyo mama alikuwa mtu gani?"

"Mcheshi. Alinikataza kumwita mgonjwa. Alisema, mimi si mgonjwa, mimi ni Ermelinda, nina tumbo baya."

Odete alinyanyuka, akasema anakwenda kunawa. Nyuma ya kibanda, kando ya pipa la maji, alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kwa hiyo hawakuuzika mwili wote wa mama. Sehemu yake ilikuwa hai, Dar, ndani ya chupa, na mtu huyu ndiye anayeilisha.

Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu. "Na ndugu zake wakizitaka?"

"Wana haki. Alikubali mwenyewe, na mumewe akatia saini. Familia ikisema tuziharibu, tunaziharibu."

"Na wewe?"

Anold alicheka kidogo. "Mimi nitakuwa nimekwisha."

Odete akamshika mkono juu ya meza, akaubana kwa upole. Sasa alijua pa kupiga.

* * *

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa Anold. Kilikuwa mama wa Anold.

Mwalimu Modesta alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuamrisha darasa zima. Jumapili ya kwanza tu alimwambia Odete, "Shikamoo yako nimeisikia, sasa njoo huku unikunie nazi." Alimsimulia walivyotoka Songea na kuja Mtwara wakiwa hawamjui mtu. Alimpa kitenge chake mwenyewe, akisema rangi ile kwake imeshakuwa ya ujana. Odete alikikunja akakiweka chini kabisa ya sanduku, asikione.

Siku Anold alipomwambia, "Dete wangu, nataka nije kwenu kujitambulisha," walikuwa kwenye gari, nje ya ofisi yake.

"Njoo," alijibu. "Na mama yako aje."

"Mzee nimwite nani? Hata jina lake hujaniambia."

"Mtamkuta. Atawaambia mwenyewe."

"Unaniogopesha."

"Daktari anaogopa wakwe?"

Akambusu shavuni, kwa mara ya kwanza bila kupanga. Lakini hasira ilikuwa na miaka mingi zaidi kuliko mapenzi, na ilijua njia.

* * *

Walifika Msimbati Jumamosi mchana, gari likiyumba kwenye mchanga baada ya kuyapita maeneo ya visima vya gesi. Mwalimu Modesta alikuwa amevaa kitenge cha kwaya na kubeba kapu la zawadi magotini njia nzima. Anold alivaa suti, amelowa jasho, anarudia chini kwa chini maneno atakayosema. Odete alikuwa ametangulia tangu asubuhi. Aliwasubiri mlangoni katika gauni jeusi.

"Mbona jeusi, mwanangu?" Mwalimu Modesta aliuliza, akimkumbatia.

Odete alijitoa mikononi mwake. Baba yake alitoka ndani, anafunga vifungo vya shati, mzee aliyekonda, mwenye mvi.

"Karibuni, karibuni wageni wangu..." akaanza. Akanyamaza.

Anold alikuwa amesimama kama mti. Kapu alilolipokea kwa mama yake liliteleza mkononi, ndizi zikamwagika mchangani.

"Mzee Jasinto?" alisema.

"Daktari," mzee akaitika, haelewi.

"Mnafahamiana?" Mwalimu Modesta aliuliza, akitabasamu bado. "Basi mambo yamekuwa mepesi!"

"Wanafahamiana sana, mama," Odete alisema. Sauti yake ilitoka safi, isiyotetemeka, kama alivyoifanyia mazoezi. "Huyu ni mume wa Ermelinda. Na mimi ndiye yule binti aliyepiga simu. Unanikumbuka, Anold? Uliniambia nisikimbilie. Uliniambia nije kwa nafasi, nitamkuta mama anakula. Nilikuja kwa nafasi. Nilimkuta ana baridi."

Akamsogelea hatua moja.

"Sema kitu! Mbona kwenye simu ulikuwa hodari?"

"Ni mimi," Anold alisema. "Nilisema."

"Kwa nini?"

"Niliona picha ya uvimbe umepungua. Nilitaka iwe kweli. Niliitaka kuliko nilivyotaka kuwa na uhakika." Alivua miwani. "Alipofariki nilichukua simu mara nyingi kukupigia. Niliona aibu. Sina jingine la kujitetea, Dete."

"Usiniite Dete. Nilikupa namba yangu siku ile kwa ajili ya leo. Kila nilipocheka nilikuwa naingoja leo. Na bado sijamaliza. Nataka seli za mama yangu. Sizitaki chupani. Nataka ziharibiwe, zote, na wewe mwenyewe ndiye uziharibu."

Mwalimu Modesta alikuwa ameinama anaokota ndizi, moja moja, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi. Aliponyanyuka macho yalikuwa yamejaa.

"Mwanangu," alimwambia Odete, "ungeniambia mimi. Ningekushika mkono, tukaenda kumsema pamoja."

Akapanda garini. Anold akampa mzee mkono, akainamisha kichwa, akamfuata mama yake.

Gari lilipopotea, Mzee Jasinto alikaa kwenye kigoda. "Umefurahi, filha?" Alikuwa akimwita hivyo, binti, tangu utotoni, kwa Kireno alichotoka nacho ng'ambo.

"Sana."

"Mbona unatetemeka?"

"Baba, walimchukua mama wakamfanya kazi!"

"Mama yako alikubali mwenyewe. Nilikuwepo."

"Alikubali akidhani atapona!"

Mzee alijua hilo ni kweli. "Mimi niliweka saini kwa sababu sikujua la kufanya," alisema hatimaye. "Nitamwambia daktari uamuzi ni wako. Lakini usiseme umefanya kwa niaba yangu."

* * *

Simu ilikuja wiki hiyo hiyo, mchana, Odete akiwa getini bandarini na malori yamepanga foleni hadi barabara kuu. Ilikuwa ya video. Anold alikuwa kwenye koti jeupe, uso umechoka.

"Mzee amenipigia. Wakubwa zangu wamekubali, wamenuna, lakini haki ni yenu. Hizi hapa."

Akageuza simu. Mezani kulikuwa na chupa bapa zilizolala, ndani yake maji ya rangi ya waridi. Pembeni, vichupa vidogo vilivyotolewa kwenye barafu, bado vinafuka ukungu.

"Hizo ndizo zote?"

"Zote. Na za akiba."

"Ziko hai?"

"Ziko hai."

"Nionyeshe."

Aliweka simu kwenye hadubini. Odete aliona vidude vidogo vyenye kung'aa, vimeshikamana makundi makundi, kama watu waliokaa msibani. Havikufanana na mama. Havikufanana na kitu chochote alichowahi kukipenda. Na bado aliisogeza simu karibu na uso.

"Vinajua kitu chochote?"

"Hapana. Hivi si yeye, Odete. Hivi ndivyo vilivyomuua."

Alisubiri ambembeleze. Alitaka apige magoti, ataje wagonjwa, ataje miaka yake, ili aipate raha ya kumkatalia.

"Hutanisihi?"

"Hapana. Nilishawahi kukuamulia mara moja."

Dereva wa lori nyuma yake alipiga honi, akapiga tena.

"Mimina," Odete alisema.

Anold alifungua chupa moja baada ya nyingine, akamimina dawa kali ya kuulia. Rangi ya waridi ikafifia, ikawa manjano, ikawa maji tu. Alifanya kazi yake kwa utulivu kama alivyozoea, mpaka kichupa cha mwisho. Hapo tu mkono ulisita, kisha ukamimina.

"Tayari," alisema, akakata.

Odete aliingoja furaha. Alipomaliza kazi alipitia sokoni akanunua nyama ya kusherehekea. Usiku wake ulipita kama mwingine wowote, na nyama ikaharibika.

* * *

Raha ilikuja, lakini ndogo, na haikukaa. Aliamka siku kadhaa akijisemea, nimemlipa. Mchana alikuwa anatupa jicho getini, pembeni ya malori, bila kujua kwamba anatupa. Akikuta hakuna mtu hasira ilimpanda, na safari hii hakujua amkasirikie nani.

Kisha ikawa habari ya Hassani. Hassani alikuwa dereva wa winchi, mtu mwenye matani, anayemwita "shemeji" tangu alipomwona na daktari. Alipotea kazini kwa muda. Siku moja Odete alimkuta amekaa kivulini nje ya ofisi, amekuja kuaga. Shati lilimning'inia. Macho yalikuwa manjano.

Odete aliijua rangi ile.

"Kongosho," Hassani alisema kabla hajaulizwa. "Nasubiri kwenda Dar. Wananiambia dawa zipo, ila zinagoma kwa wengine. Nikauliza, watajuaje kama kwangu zitagoma? Wakasema alikuwepo mtafiti mmoja aliyekuwa anakaribia jambo hilo, lakini kazi yake imekufa. Shemeji, si ndiye yule wako? Ilikuwaje ikafa?"

Odete alimuaga haraka, akarudi ndani.

Jioni ile alimpigia Anold simu. Iliita ikakatika. Alipiga tena.

"Odete," sauti ilijibu. Hakukuwa na utani wowote ndani yake.

"Uko Mtwara?"

"Niko likizo. Likizo niliyopewa, sikuiomba."

"Nataka kukuona."

"Kesho asubuhi nitakuwa hospitalini kusalimia wagonjwa. Kuna benchi nje."

* * *

Alivaa gauni la kawaida, bila hereni. Anold alikaa ncha moja ya benchi, yeye akakaa ncha nyingine, kama abiria wasiojuana.

"Sikuja kusema nilikosea kukasirika," Odete alianza. "Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo. Ungenipigia kelele siku ile ile Chikongola ningekuelewa."

"Lakini kukufanya unipende, nikakutumia, nikamwaibisha mama yako juani... ile haki sikuwa nayo."

Anold aliangalia mikono yake. "Ulinipenda hata kidogo?"

"Hilo ndilo lililoniharibia mpango."

Hakucheka. "Miaka yangu yote, Odete. Nilizimimina mwenyewe kwa sababu nilikudai kidogo kuliko ulivyonidai. Lakini naamka asubuhi nina hasira na wewe mpaka naogopa."

"Hassani anaumwa," alisema. "Kongosho. Kama nisingesema mimina, angepona?"

Angeweza kumwumiza hapo. Odete aliliona jibu hilo likipita usoni mwake, akalisubiri. Lakini Anold alitikisa kichwa.

"Hapana. Utafiti hauendi haraka hivyo. Zisingemsaidia Hassani. Pengine zingemsaidia mtu ambaye hata bado hajaugua. Ndiyo maana sina pa kuipeleka hasira yangu."

Odete aliilia sentensi hiyo, kwa mara ya kwanza mbele yake, bila kuficha uso. Anold hakumgusa, lakini hakuondoka.

"Anza upya," Odete alisema alipotulia. "Seli za mama zimekwisha, tafuta nyingine. Mimi nitakwenda na wewe kwenye nyumba za watu. Najua Kimakonde, wewe hujui. Nitawaambia nini kinachukuliwa, kinakwenda wapi, kinaishi muda gani. Na wewe wakikuuliza swali, utawajibu kweli. Hujui, sema hujui."

"Unaniamuru?"

"Nakuamuru."

Walikwenda kwa Hassani, Magomeni ya hapo hapo Mtwara, kila mmoja kwa bodaboda yake. Hassani alikuwa amelala mkekani ukumbini. Odete alimweleza yote, mpaka kuhusu mama yake, mpaka kuhusu zile chupa na nani aliyesema zimiminwe. Mgonjwa alijiinua kwa kiwiko.

"Shemeji, una roho ngumu wewe," alisema. Kisha akamgeukia Anold. "Daktari, nitapona?"

Odete alishika ukingo wa mkeka.

"Sijui," Anold alisema. "Ugonjwa huu wengi hawaponi. Dawa zikikusaidia mwanzoni, usichelewe kuwaita watoto wako. Waite wakati unaweza kucheka nao."

Hassani alifumba macho. Aliyafumbua yakiwa na maji. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia," alisema. "Chukueni hicho kipande. Ila mkipe jina la mtu, msikiite winchi."

Nje, jua lilikuwa kali na mtaa unanukia vitumbua. Walitembea mpaka njia panda.

"Bado nina hasira na wewe," Anold alisema.

"Najua. Na mimi sijaimaliza yangu."

"Sasa?"

"Kasirika hapa hapa Mtwara, nikiwa nakuona."

Sasa alicheka, kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Siku nitakapokuoa utanitesa."

"Siku gani?"

"Nimesema siku. Sijasema ipi."

Walipofika Shangani, Odete alisimama nje ya mlango wa Mwalimu Modesta, amebana kile kitenge kifuani, kile alichokuwa amekificha chini ya sanduku. Alikuwa amepita nyumbani kwake akivae, akakosa ujasiri. Mlango ukafunguliwa. Mama yule mfupi alisimama na dekio mkononi, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alimtazama mpaka Odete akasahau yote aliyokuja kuyasema.

"Mama, shikamoo," alinong'ona. "Nimekuja..."

"Marahaba." Mwalimu Modesta alisogea pembeni ya mlango. "Vua viatu hapo. Nimetoka kudeki."